Kila Kichaka cha Tatu

Msimu wa kuchuma ulipofika, nyumba yao iliamka saa kumi na moja alfajiri. Wakati huo jua lilikuwa limeshapanda, kwa maana huko kaskazini, majira ya joto, jua hulala kidogo tu kama mlinzi mwenye wasiwasi. Baba aliwasha jiko na kuchemsha chai. Binamu alipanga vikapu mlangoni. Binti, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alivaa buti za mpira, akaishusha mizani kutoka juu ya kabati, akaifuta kwa kitambaa kikavu, akaiweka mezani na kusubiri namba zitulie kwenye sifuri. Zilipotulia ndipo alipofungua daftari.

Nyumbani na shuleni walimwita Kiberiti, kwa sababu kumwasha kulihitaji msuguano mmoja tu. Binamu yake, mtoto wa shangazi aliyeishi nao ili awe karibu na shule, alikuwa na miaka kumi na mitatu na jina lake la utani lilikuwa Chiriku. Hakuwahi kunyamaza tangu alfajiri mpaka alipolala, na wengine walisema hata akilala hanyamazi.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na vichaka arobaini na vinane ambavyo majirani wengi hawakuvijua jina. Vilizaa matunda madogo ya buluu, marefu kama ncha ya kidole cha mwisho, na familia iliyaita beri ndefu. Maua yake yalistahimili jalidi, ule umande unaoganda na kuua maua ya matunda mengine. Kwa wakulima wa mahali ambapo madirisha huganda barafu miezi mitano, hilo halikuwa jambo dogo. Lakini sokoni hakuna aliyeyajua, na jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa akiegemea uzio na kucheka: "Mama wee, unafuga ndege bila kuwafungia!"

Mama aliendelea kufunga matawi. Miaka mitano iliyopita alikuwa amekubaliana na kituo cha utafiti. Kituo kilimpa miche ya aina tatu, naye akaipanda mistari minne, kila mstari vichaka kumi na viwili. Aina hizo zilipangwa kwa zamu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha tena ya kwanza, ili isitokee aina moja ikapata udongo mzuri na nyingine ikapata mawe. Kila kichaka kilikuwa na kibao chenye namba, moja hadi kumi na mbili katika kila mstari. Kila kichaka kilichumwa peke yake, kikapimwa peke yake, kikaandikwa peke yake. Kisipozaa, huandikwa sifuri, na pembeni huandikwa sababu.

Baba alikuwa na maoni yake. Eneo lile zamani lilikuwa la viazi.

"Huu ni msimu wa mwisho," alimwambia Mama mwanzoni mwa mwaka. "Kituo wakisema matokeo yana maana, tunaendelea. Wakisema hayana, nang'oa. Viazi vinarudi."

"Nimekusikia," Mama alijibu. "Na wewe ukae na neno lako."

Jumatano ya wiki ya pili ya kuchuma, simu ililia. Bibi, mama yake Mama, alikuwa ameteleza bafuni na kuvunjika mkono. Mama alifunga mkoba kwa dakika kumi. Mistari miwili ilikuwa imeshapimwa. Mstari wa tatu ulitakiwa kuchumwa kesho yake, Alhamisi. Mstari wa nne haukuguswa na mtu wa nyumba ile: kila mwaka Bibi Shamba, mtafiti kutoka kituoni, alikuja kuupima mwenyewe, ili kulinganisha namba zake na za familia.

Mama alimpa Kiberiti daftari mikononi.

"Hili nakuachia wewe. Sikuachii ufagio, nakuachia daftari. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Na nyavu zinazofunika mistari. Ukifungua wavu, funga. Ndege wa huku hawana dini."

Jioni ile Kiberiti alikwenda kwenye mstari wa tatu kukagua kama matunda yameiva. Beri ndefu ni tunda lenye hila: hugeuka buluu kwa nje siku nyingi kabla halijaiva kwa ndani. Njia ya kujua ni kulikata. Ndani likiwa la kijani, subiri. Likiwa jekundu, chuma. Alichomoa vigingi viwili vya chuma vilivyobana mwisho wa wavu, akaingia, akakata beri mbili tatu za kila aina kwa kisu kidogo. Zote zilikuwa nyekundu kama jeraha. Ndipo Chiriku alipopaza sauti kutoka dirisha la jikoni:

"Kiberiti! Njoo uone, daftari lako la jiografia limeota ndevu!"

Kwenye jalada la daftari lile kulikuwa na picha yake mwenyewe, aliyoibandika kwa gundi na subira. Kiberiti alitoka mbio chini ya wavu huku damu inamchemka. Alimkuta Chiriku ana kalamu mkononi na picha ina masharubu ya kanali mstaafu. Walipigizana kelele mpaka Baba akagonga ukuta. Kiberiti alikwenda kulala na hasira, akaamka nayo.

Asubuhi alipofika kwenye mstari wa tatu na vikapu vyake, aliona mwisho wa wavu umenyanyuka kidogo kwa upepo. Hakuutazama mara mbili. Kilichomshtua ni kichaka namba mbili. Jana kilikuwa kimeinama kwa uzito wa matunda, leo kilikuwa na majani matupu. Akaenda haraka. Namba tano, kitupu. Namba nane, kitupu. Namba kumi na moja, kitupu. Vichaka vinne.

Alisikia mtu anapiga mluzi. Chiriku alikuwa anakuja na vikapu viwili zaidi, na midomo yake ilikuwa ya buluu kuanzia pembe hadi pembe.

"Wewe!" Kiberiti alimrukia. "Mwizi! Tumbo lisilo na chini!"

"Nimeiba nini tena, dada?"

"Usiniite dada! Vichaka vinne umevikomba! Vinne! Hukushiba na kimoja?"

Chiriku alijigusa midomo. "Nimekula za mpakani. Za vile vichaka vya pembeni, visivyohesabiwa. Mama yako mwenyewe alisema za mpakani ni za kula."

Alisema kweli. Pembeni mwa shamba, karibu na uzio, kulikuwa na vichaka vya mpakani vilivyopandwa ili kukinga upepo, na matunda yake yalikuwa ya anayetaka. Lakini hasira ina jicho dogo kama tundu la sindano: huona pale ilipotaka kuona, basi.

"Mwongo! Tazama midomo yako! Tazama!"

"Midomo yangu haina namba ya kichaka, Kiberiti. Unaijuaje imetoka wapi?"

"Baba! Baba, njoo!"

Baba alikuja na kikombe cha chai mkononi, amekunja uso. Hakuingia mpaka ndani ya mstari. Alisimama mwishoni, akamsikiliza binti yake akilia na kupiga kelele kwa wakati mmoja, akautazama mdomo wa buluu wa mpwa wake, na akahukumu papo hapo.

"Jumamosi huendi mpirani."

"Mjomba! Mimi ndiye kipa!"

"Watafute kipa mwingine anayedaka mpira golini, sio beri shambani." Kisha akageukia vichaka, akatikisa kichwa. "Miaka mitano mizima. Na hata mtu wa ndani ya nyumba hawezi kuyaheshimu matunda haya. Mama yako akirudi nitamwambia. Matokeo yenye mashimo ni matokeo gani? Bora viazi."

Alirudi ndani. Chiriku aliviweka vikapu chini polepole, kimoja kimoja. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, bila mluzi.

Kiberiti alichuma vichaka vinane vilivyobaki peke yake. Alivipima mezani jikoni, akatoa uzito wa kikapu, akaandika: 1,240. 985. 1,105. Alifanya kila kitu kwa usahihi, meno yamekazwa. Saa sita mchana, joto lilipozidi, alivua koti lake la kazi ili alitundike. Koti lilikuwa zito upande mmoja. Alitia mkono mfukoni.

Vigingi viwili vya chuma.

Aliviweka mezani. Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Wavu ulikuwa wazi usiku kucha, na aliyeuacha wazi ni yeye, kwa ajili ya masharubu ya kalamu.

Angeweza kutoka nje wakati uleule. Chiriku alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni, na kila pigo la shoka lilisikika kama neno ambalo hakulisema. Lakini Kiberiti aliwaza mambo mawili. Aliwaza uso wa Chiriku, jinsi ambavyo angemcheka hadi mwisho wa dunia. Na aliwaza kauli ya Baba kuhusu matokeo yenye mashimo. Sifuri nne kwenye ukurasa zingeonekana kama meno yaliyong'oka. Mama angerudi akute shamba lake linahukumiwa kwa sababu ya vigingi viwili.

Basi alikaa mezani, akachukua kalamu. Namba mbili: alikuwa karibu kuandika 1,200, akajizuia. Namba yenye sifuri mbili mwishoni ingeonekana ya kutunga. Akaandika 1,243. Namba tano: 1,187. Namba nane: 1,319. Namba kumi na moja: 1,276. Alizisoma tena. Zilionekana za kweli kabisa. Alikwenda kufunga wavu, akapigilia vigingi kwa nyundo kwa nguvu zisizohitajika, na bado alikuwa amekasirika. Alichojua tu ni kwamba sasa hakumkasirikia tena Chiriku, na hilo lilimuudhi zaidi.

Jumamosi timu ya Chiriku ilifungwa mabao sita. Kipa wa akiba alikuwa mtoto aliyeogopa mpira. Mama alirudi jioni ileile, amechoka, na kabla hajavua viatu alifungua daftari.

"Mstari wa tatu umetoa vizuri," alisema, na uso wake ukalegea. "Baba yako ameniambia hapo mlangoni kwamba Chiriku alivamia beri. Alikula kiasi gani?"

"Kidogo tu, Mama," Kiberiti alisema, akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Jumatatu asubuhi gari la kituo liliingia uani. Bibi Shamba alikuwa mwanamke mrefu, mwenye buti zenye tope la mashamba mengine na penseli iliyochomekwa kwenye nywele. Hakuwa mtu wa kusema maneno matamu. Alikunywa chai bila sukari, akafungua daftari, akaanza kushuka na penseli yake mstari baada ya mstari, kama fundi anayekagua mshono. Mama alisimama karibu na sinki. Baba alikaa mlangoni, amekunja mikono. Kiberiti alikuwa anakausha vikombe. Chiriku alikuja kuchukua vikapu.

Penseli ilisimama.

"Nani ameandika ukurasa huu?"

"Mimi, Bibi Shamba," Kiberiti alisema.

"Ulipima kwa mizani hii?"

"Ndiyo."

"Naomba chombo cha maharage."

Mama, bila kuelewa, alimpa. Bibi Shamba aliwasha mizani, akaanza kudondosha maharage juu yake, moja moja. Namba ilibaki sifuri. Akaongeza. Ghafla ikaruka: 5. Akaongeza tena, punje kwa punje. Ikaruka: 10. Kisha 15.

"Mizani hii tuliwapa sisi," alisema. "Ni ya zamani, inahesabu gramu tano tano. Tazama kurasa zote za nyuma. Kila uzito unaishia na sifuri au tano. Miaka mitano. Sasa hapa naona elfu moja mia mbili arobaini na tatu. Elfu moja mia moja themanini na saba." Aliisukuma mizani mpaka mbele ya Kiberiti. "Iambie isome arobaini na tatu. Nitasubiri."

Kiberiti alikuwa ameisoma mizani ile zaidi ya mara mia, na hakuwahi kuligundua hilo. Kikombe kilimteleza mkononi, kikagonga meza, hakikuvunjika.

"Hebu subirini," Chiriku alisema kutoka mlangoni. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ndiyo maana kila mtu aligeuka. "Hivyo ni vichaka gani?"

"Mbili, tano, nane, kumi na moja," Bibi Shamba alisoma.

"Ndivyo nilivyoambiwa nimeviiba." Alimtazama mjomba wake, si Kiberiti. "Mjomba, kama vimezaa zaidi ya kilo moja kila kimoja na vimeandikwa, basi hakuna kilichoibiwa. Na kama hakuna kilichoibiwa, mimi niliadhibiwa kwa nini?"

Mama alilifunga bomba lililokuwa likidondosha maji. "Kiberiti," alisema.

Yakatoka yote kwa mara moja: masharubu, wavu, vigingi, namba. Alivyoyasema hayakuwa na mpangilio, lakini hayakuacha kitu. Alipofika kwenye vigingi alivitaja mara mbili, kana kwamba anaogopa hawajasikia.

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga.

"Mimi nimechekwa kwenye uzio ule kwa miaka mitano," alisema. "Nimefunga matawi yale kwa mikono iliyokufa ganzi. Jalada kule kituoni lina jina langu. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kuwajibu wanaocheka: kwamba kila kilichoandikwa humu ni kweli. Kimoja tu, mwanangu! Nacho umekitoboa. Ungeniachia sifuri nne ningezibeba. Hizi namba zako nzuri nitazibebaje?"

"Nilitaka kuliokoa shamba, Mama."

"Ulitaka kujiokoa. Shamba ulilitia kwenye tope, na binamu yako ukamkanyagia hukohuko. Kafungwa mabao sita kwa kosa lako!"

"Mimi sijafungwa," Chiriku alisema. "Sikuwepo. Ndiyo sababu."

Bibi Shamba alifunga daftari. "Kanuni ya kituo ni fupi. Shamba lenye takwimu za kupikwa huondolewa kwenye jaribio. Kwa hiyo kabla sijaamua lolote, nataka kuviona vichaka hivyo."

Walitoka wote. Hakuna aliyemngoja mwenzake. Kwenye mstari wa tatu Bibi Shamba hakuvitazama vichaka kwanza; alitazama nguzo za wavu. Juu ya nguzo zote kulikuwa na madoa ya buluu yaliyokauka, na chini ya kichaka namba tano maganda ya beri yaliyodonolewa yalikuwa yametapakaa kwenye udongo.

"Kinyesi cha ndege," alisema. "Anayekula kwa mkono haachi haya. Na jambo jingine lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza kwa mtu mwenye utulivu. Mwizi gani anakula kichaka cha pili, anaruka viwili, anakula cha tano, anaruka viwili, anakula cha nane?"

"Mwizi anayejua hesabu," Chiriku alinong'ona. Hakuna aliyecheka, ingawa Baba alikohoa.

Kiberiti alivitazama vibao. Mbili, tano, nane, kumi na moja. Kila kichaka cha tatu. Alikuwa amevipita mara ngapi? "Vyote ni Aina ya Pili," alisema taratibu.

"Vyote ni Aina ya Pili," Bibi Shamba alikubali. "Aina ya Kwanza na ya Tatu siku ile zilikuwa zimeiva?"

"Ndiyo. Nilizikata jioni yake. Zote zilikuwa nyekundu ndani."

"Hilo umeliona au umelitunga?"

Swali lilimchoma, na alistahili. "Nimeliona, Bibi Shamba. Na nilizipima kesho yake. Zipo kwenye ukurasa uleule, zinaishia na sifuri na tano."

Mtafiti alichukua penseli kutoka kwenye nywele. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na joto, lakini lilikuwa joto la hasira. "Unajua ulichokuwa unakaribia kufanya? Aina ya Pili ndiyo tunayoipenda kituoni. Ni tamu, inazaa sana. Mwaka ujao tulikuwa tuigawe kwa wakulima wa wilaya nzima, wengi wao hawana uwezo wa kununua wavu. Ndege waliingia humu, wakawa na aina tatu zilizoiva mbele yao, wakala moja tu. Hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote zilizotoka kwenye shamba hili, na wewe uliifukia chini ya namba nne za uongo ili zipendeze. Watu wangepanda chakula cha ndege kweli, kama jirani yenu anavyosema."

"Kwa hiyo ni uthibitisho?" Mama aliuliza.

"Hapana. Mara moja si uthibitisho, ni swali. Lakini ni swali zuri. Misimu miwili zaidi tutaacha vichaka vichache bila wavu, kwa makusudi, tuone." Alirudisha penseli kwenye nywele. "Kama shamba hili litabaki kwenye jaribio."

Wakapima mstari wa nne. Bibi Shamba alichuma mwenyewe, Chiriku alisoma mizani kwa sauti, Mama aliandika. Kiberiti alibeba vikapu. Iliwachukua mpaka alasiri. Mwishoni mtafiti alilinganisha uzito ule na wa mistari miwili ya kwanza, akafanya hesabu zake kwenye karatasi, akazirudia.

"Zinalingana," alisema. "Kurasa za nyuma ni safi. Uongo ni wa vichaka vinne, siku moja, na umekiriwa kabla sijapeleka daftari kituoni. Nitaandika hivyo hivyo, bila kupunguza. Naamini wataliacha shamba. Lakini ukurasa huu haung'olewi." Alimpa Kiberiti penseli. "Piga mstari mmoja juu ya kila namba, isomeke bado. Pembeni andika ukweli."

Kiberiti alipiga mistari minne. Akaandika sifuri, na pembeni: *Ndege. Wavu haukufungwa. Kosa ni langu.* Akarudia mara nne, kwa sababu kila kichaka huandikwa peke yake. Machozi yalidondokea kwenye sifuri ya kichaka namba nane, na alama yake ipo kwenye daftari mpaka leo.

Kisha akageuka. Alijua kwamba neno lililotupwa mbele ya watu haliokotwi kwa siri, kwa hiyo alilisema mbele ya wote. "Chiriku, hukuiba. Nilikuita mwizi, na nilipojua ukweli nikanyamaza siku nne. Nisamehe."

"Na mimi," Baba alisema kwa taabu, kama mtu anayenyanyua gunia. "Nilikuhukumu kwa rangi ya midomo. Nisamehe, mjomba. Jumamosi nitakupeleka uwanjani mwenyewe."

Chiriku aliwatazama. "Wewe nimekusamehe, Mjomba." Kwa Kiberiti alitikisa kichwa. "Wewe bado. Lakini kuanzia leo mizani nasoma mimi, wewe unaandika. Usinitungie hata gramu."

"Sawa."

"Na yale masharubu yanakaa."

Ndani ya Kiberiti kitu kiliwaka, akakiacha kizime chenyewe. "Yanakaa," alisema.

Bibi Shamba alipokuwa anapanda gari, Baba aliegemea mlango wake, akatazama vichaka na kisha mahali palipokuwa na viazi. "Misimu miwili, umesema?"

"Miwili."

"Viazi nimelima miaka ishirini, havijawahi kuniuliza swali," alisema Baba. "Haya. Miwili."

Gari lilipoondoka, Mama alimwita binti yake. Alikuwa bado amekasirika, na hakujifanya vinginevyo.

"Sikiliza, nami sitarudia. Kosa la kwanza lilikuwa dogo: wavu. Mtu yeyote husahau wavu. Ungesema siku ileile, tungepoteza kilo tano za beri na kupata jambo la kujifunza. Hasira ilikuzuia usione, na uongo ukatuzuia sisi sote tusione. Anayeandika anachokiona, hata akiandika sifuri, anawafaa watu asiowajua. Anayeandika anachokitamani hamfai hata mama yake."

Alimwekea kiganjani vigingi viwili vya chuma, vile vilivyochomolewa kwenye mstari wa nne.

"Sasa nenda ukafunge wavu. Kisha urudi hapa uniambie umeufunga."

Kiberiti alikwenda. Alipigilia vigingi, akavivuta kwa mkono kuona kama vimeshika, akarudi mpaka mlangoni.

"Kimoja kimeshika, Mama," alisema. "Kingine kimegonga jiwe. Kinacheza."

"Vizuri," Mama alisema, akachukua nyundo. "Twende tukakitazame."